Daktari Haumwi

Asubuhi nyumbani kwa Mwalimu zilifanana. Mwalimu anachemsha chai. Binti yao anatafuta soksi. Mume wa Mwalimu, daktari wa meno, anajidunga insulini kabla ya kula, maana ana kisukari.

"Daktari wa meno mwenye kisukari!" Mwalimu humtania. "Unawakataza watoto wa watu peremende, kumbe wivu tu."

"Wivu mtupu, mama," Daktari hujibu.

Walikuwa watu wapole. Geti lilifungwa mapema, na mambo ya nyumbani yalibaki nyumbani. Jirani yao alikuwa wakili, mwanamke wa sauti kubwa. Akishika simu, mtaa mzima unaijua kesi. Mwalimu alimpa jina la Mama Kelele, na akamkwepa kila alipoweza.

Wakati huo nchi ilikuwa imebanwa kweli kweli. Mkuu wa nchi alikuwa ameahirisha uchaguzi kwa mara nyingine. Magazeti yalifungwa. Aliyeuliza sababu alikamatwa. Basi madaktari, mawakili, wahandisi na walimu wakakubaliana kuandamana kwa amani, kila mtu na vazi lake la kazi. Daktari akavaa koti lake jeupe.

"Mimi siasa siiwezi," Mwalimu alisema, akabaki nyumbani.

Jioni muuza matunda wa pale kona alifika getini akihema. "Mama, wamemchukua Daktari! Maandamano yalikuwa yamekwisha, anarudi zake peke yake. Gari lenyewe halina namba."

Mwalimu akafunga geti upesi. Na unajua aliwaza nini kwanza? Aibu. Watu watasema nini? Je, akifukuzwa kazi? Kulipokucha alimwambia binti yake kwamba baba amesafiri. Kisha akapiga simu hospitalini. "Daktari hatakuja," alisema. "Ana homa kali." Wenzake wakampa pole, wakaendelea na kazi.

Akachukua insulini, akaenda kituo cha polisi peke yake. Pale mapokezi alikuta askari mmoja amekaa.

"Daktari wa meno?" askari alisema. "Tumeshauliza kazini kwake. Wanasema yuko nyumbani, mgonjwa. Na aliyewaambia ni mkewe. Sasa mama, mtu amelala kitandani kwako, sisi tumtoe wapi?" Akacheka.

Lo! Uongo wake mwenyewe ndio uliomfungia mumewe mlango. Alirudi akilia njia nzima. Kufika getini, huyo hapo jirani.

"Mwalimu, mbona macho mekundu?"

"Vumbi tu."

"Vumbi gani hilo la kumtia mtu kwikwi? Hebu ingia ndani ukae."

Mwalimu akaeleza yote. Alitegemea kugombezwa. Lakini Wakili alimshika mkono, akaongea taratibu.

"Sikiliza, dada. Mtu akikamatwa ana haki zake. Aambiwe kosa lake. Amwone wakili. Apelekwe mbele ya hakimu. Asisaini maelezo ambayo hajayasoma. Na kama ni mgonjwa, apate dawa. Ila haki hizo lazima watu wa nje wazidai. Ukimtafuta kwa kunong'ona, peke yako, watamficha watakavyo. Akitafutwa na watu wengi mchana kweupe, watamficha wapi?"

"Lakini si tutajulikana?"

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo, mjulikane! Mimi nakwenda mahakamani sasa hivi, kuomba hakimu aamuru aletwe. Wewe nenda hospitalini. Uongo uliousema, ukaufute pale pale."

Saa ya chakula cha mchana Mwalimu alisimama katikati ya kantini ya hospitali. Darasani sauti yake hufika hadi dawati la mwisho. Siku hiyo ilimbidi aanze mara mbili.

"Daktari haumwi," alisema. "Nilidanganya. Alikamatwa jana. Tangu hapo hajapata insulini. Naombeni mnisaidie kumtafuta."

Muuguzi mkuu, mama mmoja asiyetaka mchezo, akatwaa mkoba wake. "Walio zamu wabaki na wagonjwa," alisema. "Wengine tunangoja nini?"

Wakaenda kituo cha polisi na makoti yao meupe. Walimu wenzake Mwalimu nao walipopigiwa simu, walifika. Hawakupiga kelele wala kurusha jiwe. Walipanga foleni, na kila mmoja alifika mbele ya askari akauliza kwa adabu, "Daktari wa meno yuko wapi? Anahitaji insulini." Akiondoka huyu, anakuja mwingine, swali lile lile. Mwanzoni askari alicheka. Foleni ilipofika nje ya geti, jasho lilimtoka. Ndipo Wakili akaingia na amri ya hakimu mkononi.

"Ngoja niulize ndani," askari alisema kwa sauti ndogo.

Insulini iliingia jioni hiyo hiyo. Muuguzi mkuu aligoma kuondoka mpaka aone kwa macho yake ikidungwa. Kesho yake Daktari alifikishwa mbele ya hakimu. Polisi hawakuwa na kosa hata moja la kutaja, akaachiwa.

"Walikuwa wananiambia hakuna anayenitafuta," alimsimulia mkewe, midomo imempasuka. "Nikaanza kuamini. Mara nikamsikia muuguzi mkuu akifoka mlangoni. Mke wangu, nililia kwa furaha."

Mwalimu alikwenda kwa Wakili, akamkumbatia. "Asante, dada. Asante sana. Na nikuombe radhi, nilikuwa nakuita Mama Kelele."

"Kwani nilikuwa sijui?" Wakili aliangua kicheko. "Hata wewe husikika, mwenzangu!"

Mkuu wa nchi bado yuko kitini. Maandamano bado yanaendelea, na siku hizi Mwalimu hakosi. Juzi, katikati ya watu, mwanamke asiyemfahamu alimvuta pembeni.

"Mume wangu ni mhandisi," alinong'ona. "Tangu jana hajarudi. Tafadhali, usimwambie mtu."

Mwalimu alimshika mkono kwa nguvu. "Asante kwa kuniambia mimi," alisema. "Sasa twende tukawaambie wote."