Mguno wa Mama

Jioni ile nilikuwa nimetumwa shuka tu. Dada, ambaye ndiye anayemuuguza Mama, alinipigia kazini. "Mdogo wangu, ukitoka pitia nyumbani uchukue shuka laini. Hizi za hospitali zinamkwaruza." Nikazitia kwenye mfuko, nikaenda nazo huku nikijiona mtoto mwema.

Mtoto mwema, mimi! Mwezi uliopita maumivu yalimbana Mama pale jikoni, akaguna mguno wa kutokea tumboni kabisa. Badala ya kumshika mgongo, nikainua simu nikamrekodi. Kazi yangu ni kutengeneza sauti. Studio yetu bado changa, na kampuni kubwa ya mashine za gemu ilikuwa imetupa kazi tuliyoililia: gemu ya kupigana risasi mtandaoni, maelfu ya watu kwa pamoja, usiku na mchana, isiyo na mwisho. Nilikuwa nimekosa mguno wa mtu anayekufa. Ule wa Mama uliwafurahisha mabosi mpaka wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Wodini kulinuka dawa ya sakafu... na kitu kingine. Waya ulioungua.

"Ameanza tena," Dada alinong'ona. "Daktari haoni kitu. Mwezi mzima sasa, mchana kutwa. Usiku anapumzika. Na Jumapili."

Jumapili studio hufungwa.

Mama akajikunja. Akaguna.

Ule ule.

Nilisogea mlangoni nikampigia Macho Manne, mwenzangu anayeijaribu gemu kabla haijafunguliwa kwa watu. Nyuma ya sauti yake nilisikia risasi, kisha mguno. Niliusikia simuni na kitandani kwa pamoja.

"Acha kucheza kidogo," nikamwambia.

"Wewe! Saa kumi na mbili tunawafungulia watu, halafu..."

"Nakuomba."

Akaacha. Mama akalegea, akavuta pumzi ndefu. Dada akamfuta jasho.

Mtu mwenye utu angeishia hapo. Mimi nilitaka uhakika.

"Ua mmoja," nikanong'ona.

Risasi moja ikalia simuni.

Mama aliruka kitandani kama aliyepigwa teke.

Nikampigia bosi. Hakutaka hata kunisikiliza. Gemu bila mguno? Wale wakubwa wangetuchinja! Basi lazima uwepo mwingine. Nikajifungia chooni, nikaguna mwenyewe kwenye simu mpaka koo likawaka, nikafungua juu ya magoti kompyuta ndogo niliyotoka nayo kazini. Gemu za namna hii hubadilishwa wakati wowote, hata zikiwa zinachezwa. Nikaufuta mguno wa Mama, nikaweka wangu. Macho Manne akajaribu mara kadhaa, akasema ule wa zamani hausikiki tena popote. Nilisikiliza mlangoni. Wodi ilikuwa kimya.

Nililia pale chooni, nisikufiche. Nililia kwa furaha.

Niliporudi, Dada alikuwa anamtandikia shuka laini, anatabasamu. Mama alikuwa macho. Akanishika kidole, akanivuta mpaka sikio langu likawa mdomoni pake.

"Zile risasi nyingine sijui zilikuwa za nani," alinong'ona. "Ya mwisho ilikuwa yako."

"Mama..."

"Nilikuona. Ulisimama mlangoni unaniangalia."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Macho Manne: *Tumefungua! Watu wamefurika!*

Harufu ya waya ulioungua ilikuwa imerudi. Safari hii ilitoka kwenye shati langu.

Nilifungua mdomo kumwomba Mama msamaha.

Ukatoka mguno.

Nikajaribu tena. Ukatoka mwingine, na mwingine juu yake, na kifua kikanibana nikashika chuma cha kitanda.

Dada aliacha shuka, akauliza nina nini.

Mama hakuuliza.