Gari Lililokula Maksai

"Maksai ni wako, Maloba, sikatai. Lakini plau tunalima nayo sote! Unauzaje nusu ya nguvu za plau bila kumwambia mwenzako?"

"Nimeuza mali yangu. Nikuombe wewe ruhusa, kwani umekuwa mke wangu?"

Watu waliokuwa wakienda kisimani wakapunguza mwendo. Pale kijijini Buhehe, mwaka wa pili baada ya uhuru, ugomvi wa majirani ulikuwa na wasikilizaji wengi kuliko redio. Mama mmoja alitua kabisa mtungi wake chini ili asikie vizuri.

Taaka, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu akisugua tope kwa kitambaa. Maloba alikuwa baba yake. Yule aliyekuwa akipaza sauti upande wa pili wa ua ni Emojong, jirani yao tangu kabla Taaka hajazaliwa. Na gari alilokuwa akilisugua, Peugeot mpya yenye rangi ya maziwa, halikuwa la baba. Lilikuwa la kaka yake, Osborn, mwanafunzi wa shule ya mjini Tororo aliyetimiza miaka kumi na saba juzi juzi tu na sasa alikuwa nyumbani kwa likizo.

"Mvua ya kwanza imenyesha," Emojong akasema. "Udongo wetu huu mweusi unaujua. Maksai wawili hawauwezi, utawaua kwenye nira. Mvua ikinipita sijapanda, watoto wangu watakula nini? Moshi wa gari lako?"

"Limeni kwa mkono. Babu zetu hawakulima?"

Watu wakaguna. Emojong akatema mate chini, karibu na gurudumu, akageuka akaenda zake.

Miaka kumi na mitano nyumba hizo mbili zililima pamoja. Maloba alitoa maksai wawili, Emojong alitoa wawili, wakafungwa wanne kwenye plau moja. Leo walilima kwa huyu, kesho kwa yule. Emojong alishika mikono ya plau, na Taaka alitangulia mbele na kamba ya maksai, akiwaita kwa majina yao. Wageni waliopita njiani hawakujua maksai yupi ni wa nani.

Kisha Maloba akasikia kwamba tajiri mmoja wa Tororo amemnunulia mwanawe gari. Tangu siku hiyo hakutulia. "Watu watajuaje kwamba Osborn ni mtoto wa Maloba, akitembea kwa miguu kama mpagazi?" Aliuza pamba ya mwaka mzima, akauza ng'ombe kumi na wanane, na hela zilipopungua, akawaswaga maksai wa plau hadi mnadani. Mama yao, Truphena, alipouliza shamba litalimwa na nani, aliambiwa wanawake hawajui maendeleo.

Taaka mwenyewe, tusimfiche, mwanzoni alilipenda gari hilo kupita kiasi. Siku ya kwanza alikaa kiti cha nyuma, shingo ameinyoosha kama bata mzinga. Walipompita Elinah, binti wa Emojong, ambaye huketi naye dawati moja shuleni, Elinah alikimbia akacheka, akataka kugusa mlango. "Usishike, utalichafua!" Taaka alimwambia. Elinah aliuficha mkono wake mgongoni. Sasa Taaka alipoukumbuka mkono ule, alijiona ovyo.

Osborn akatoka nyumbani, jua limeshapanda, nywele zimechanwa, kijiti cha kuchokonoa meno kiko mdomoni.

"We Taaka, ukimaliza magurudumu fungua buti. Kuna kaharufu kidogo."

Kaharufu! Taaka alipofungua buti, mawingu ya nzi yakamrukia usoni. Siku ya Jumatano Osborn alikwenda Majanji ziwani na rafiki zake, akanunua samaki, ngege na mumi, ili wavuvi wamwone alivyo mtu mzima. Kisha akawasahau. Leo ilikuwa Jumamosi. Gunia lilikuwa limelainika, maji ya kijani yametiririka hadi chini ya zulia, na juu yake funza walikuwa wakitokota kama wali jikoni. Mmoja alimdondokea Taaka kwenye mguu. Alikimbilia ukutani akatapika hadi machozi yakamtoka.

Osborn alijiziba pua kwa leso, akacheka. "Sugua kwa sabuni na majivu. Jioni nina safari ya Tororo."

"Ni samaki wako. Watoe mwenyewe."

"Mimi? Na nguo hizi? Mwenye gari haoshi gari, mama."

Taaka alifuta mdomo. Ng'ambo ya ua aliwaona watu wa kwa Emojong wamejipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka. Tangu asubuhi walikuwa wamelima kipande kisichozidi uwanja wa nyumba. Elinah alikuwa amejifunga vitambaa viganjani, na vitambaa vilikuwa vyekundu.

Taaka akaangalia buti, akamwangalia kaka yake, akaangalia kitambaa kilichokuwa mkononi mwake mwenyewe. Akakitupa kitambaa, akachukua jembe nyuma ya jiko, akavuka ua.

Elinah alimtazama toka juu hadi chini. "Umekuja tukuchafue?"

"Nimekuja kulima. Siku ile nilikutamkia neno bovu, Elinah. Nisamehe."

Elinah akasogea. "Mstari wako huu hapa. Na usilime kama anayejikuna mgongo."

Hawakufika mbali kabla Truphena, mama yake Taaka, naye hajavuka ua, jembe begani, bila kumuaga mtu. Hapo ndipo Maloba akatoka ndani akiunguruma: mkewe na bintiye wanalima kwa mtu aliyemtukana! Alipita kando ya gari kwa hasira, na harufu ikamkamata kooni.

"Nini kimeoza hapa?" sauti yake ikasikika hadi shambani.

"Samaki, baba. Nilimwambia Taaka awatoe, amekataa. Tafuta mtu mwingine."

Shambani majembe yote yalisimama. Taaka alimwona baba yake akiinama kwenye buti. Maloba alitazama funza. Akamtazama kijana wake akipangusa vumbi kwenye kiatu. Akatazama shamba, mkewe, bintiye. Uso ukamkunjamana kama mtu aliyetafuna njugu iliyooza.

"Pamba yangu," alisema polepole. "Ng'ombe zangu. Maksai wangu. Ili ninunue mahali pa kuozeshea samaki?"

"Lakini baba, jioni Tororo..."

"Watoe kwa mikono yako miwili. Kisha unipe ufunguo."

Kicheko kilichotoka kwa wale wa kisimani, waliokuwa sasa wakirudi na maji, mpaka leo Buhehe wanakisimulia.

Jumatatu Maloba mwenyewe alilipeleka gari Tororo akaliuza kwa hasara, akarudi kwa miguu toka mnadani akiswaga ng'ombe wachache na maksai wawili wachanga wasiojua nira. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Emojong, akavua kofia. "Jirani, nilikukosea mbele ya watu. Nakuomba msamaha mbele ya watu."

"Wafunge wawili wawili," Emojong alijibu. "Mchanga mmoja kwa mzee mmoja. Mzee atamfundisha."

Na kwenye mikono ya plau wakamweka Osborn, Emojong akiwa kando yake. Siku ya kwanza maksai wachanga walimburuta kwenye tope hadi akapoteza kiatu. "Shika, bwana dereva!" watu walimtania. Siku ya pili alilia kwa malengelenge, lakini hakuachia. Siku ya tatu, Taaka akiwa mbele na kamba, mifereji ilinyooka, na shamba la Emojong likaisha kabla mvua kubwa haijaanza. La Maloba lingefuata kesho.

Walipofungua nira, Maloba alisema, "Nilidhani nampa mtoto heshima. Nilimpa kiburi tu."

"Gari si kitu kibaya," Emojong akasema, akiwatazama watoto wote. "Lakini usimpe mtoto kitu ambacho hajui kimetoka jasho la nani, maana hatakitunza, na wewe utamchukia kwa kosa lako mwenyewe. Nanyi watoto, kitu chochote kinachokufanya uone mkono wa mwenzako ni uchafu, hicho ndicho uchafu."

Wote wakaingia ndani kwa Emojong kula, isipokuwa Osborn. Alibaki uani, tope hadi magotini, akitazama chini, hajui kama anatakiwa.

Mama Elinah akatokeza mlangoni na kibuyu cha maji.

"Wewe kijana, unasimama hapo kama mdai kodi? Lete hiyo mikono nikunawishe. Ugali wa mtama haukungojei, na kuku ameiva. Ingia ule, mwanangu."