Mayai Yanabishana

Siku Kitinda alipomwambia mama yake kwamba mayai yanabishana, mama alicheka. Kifaranga kulia ndani ya gamba halikuwa jambo geni katika nyumba ile. Akikaribia kutoka, ukitega sikio utamsikia, sauti nyembamba ya mtu mdogo aliyechoshwa na chumba. Lakini mayai yale yalikuwa yameingia mashineni jana yake tu. Yalikuwa ute na kiini, basi. Mama akaacha kucheka, akamwambia akaoge.

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga. Alikuwa mjane mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi, na chumba cha nyuma alikigeuza cha kutotolesha: mashine kubwa ya mbao yenye feni na taa za joto, trei za mayai, beseni la maji la kutunza unyevu, na dirisha lililozibwa kwa gunia. Kitinda, mwanawe wa mwisho, alikuwa kijana wa ndevu zake kamili, ila jina la kitinda mimba lilikuwa limemganda. Yeye ndiye aliyeyageuza mayai, mchana na usiku, maana tangu baba yake afe hakutaka kulala. Usiku ule wa kifo, zamu ya kumwangalia mgonjwa ilikuwa yake. Akapitiwa na usingizi, akaja kuamshwa na vilio. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno, na hakuna aliyemwambia kuwa hana kosa. Kunyamaza walikuwa wanakujua watu wale, utadhani walisomea.

Basi ikaanza harufu. Kitinda akawa anasema chumba kinanuka mayai viza, na mama akipima kila yai kwa tochi haoni hata moja lililooza. Halafu akaanza kulaza shavu kwenye ubao wa mashine, macho wazi, saa nzima hajongei.

Dada yake alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Mchana mmoja, jua linawaka, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, alimsikia mdogo wake akizungumza nyuma ya ukuta. Anasema neno, ananyamaza. Anajibu, ananyamaza tena, kama mtu aliye kwenye simu. Simu yake ilikuwa hapo saluni, kwenye chaji. Kilichomtia msusi baridi ya mgongo hakikuwa maneno, bali ule unyamavu wa katikati, ambao ulikuwa na urefu wa kumtosha mtu mwingine kusema lake.

Alipokwenda kumuuliza, Kitinda alimvuta karibu, akasema kwa sauti ya chini sana.

"Anasema nililala."

"Nani?"

"Wa kwenye mashine. Anasema nikilala tena, safari hii anamchukua mama."

Tangu hapo Kitinda hakulala kabisa. Vijana wa gereji walimpa bangi, wakimwambia inamkesheza mtu, na yeye akavuta kwa bidii ya mwanafunzi. Mashavu yakaingia ndani. Akawa hali chakula mpaka ainamishe kichwa kidogo, asubiri, ndipo amege. Mama akamfokea kwamba ni uvivu, kisha akamfokea kwamba ni kiburi, kisha akaanza kumfungia mlango kwa nje wateja wakija. Nao wateja wakapungua. Vifaranga wa nyumba ile wakaitwa vifaranga wa jini, na wanawake waliokuwa hawatoki saluni wakagundua ghafla kwamba nywele zao zinapendeza zikiwa fupi. Marafiki wa Kitinda wakaacha kupita njia ile. Kwa hiyo wa kuzungumza naye akabaki mmoja tu.

Msusi akamchukua mdogo wake, akampeleka hospitali bila kuaga. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha, hakushangaa wala hakutisha. Aliuliza mambo mengi: usingizi, bangi, kifo cha baba, nani anamfokea, nani anamtembelea. Kisha akauliza kama katika ukoo yupo aliyewahi kusikia sauti. Msusi akasema hakuna. Daktari akamwambia kwamba ugonjwa huu hauna mlango mmoja. Kuna kinachopita kwenye damu, na hicho peke yake huenda kisimwangushe mtu. Kuna donda la moyoni lisilotibiwa. Kuna kukosa usingizi na moshi wa bangi. Kuna nyumba ya kelele na mtaa wa kunyooshea vidole. Vikikutana, ubongo huanza kusikia visivyokuwepo. Akampa vidonge, akasisitiza asiviache hata akijisikia nafuu.

Na nafuu ilikuja. Baada ya siku kadhaa Kitinda alisinzia kwenye kiti cha saluni, mdomo wazi, na dada yake akafunga mlango akalia kwa furaha. Alipoamka alisema yule wa kwenye mashine bado yupo, ila anaongea kwa mbali.

Kosa la msusi lilikuwa kumweleza mama yote aliyoambiwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imo kwenye ndoo ya pumba.

"Kwa hiyo mnasema ni mimi," alisema.

"Hakuna aliyesema ni wewe, mama."

"Damu yangu. Nyumba yangu. Mdomo wangu. Yupo nani mwingine hapo?" Akafuta mikono kwenye khanga. "Mtoto wangu anasikia. Hajawahi kunibishia tangu azaliwe."

"Ndilo linalomuua hilo. Anasikia."

Mama akarudisha mikono kwenye pumba. Na tumwonee huruma, maana jini ni mgeni. Jini hana mama wala hana ukoo, akiingia ndani kwako wewe ni mwenye kuonewa tu. Kesho yake akamleta mganga.

Mganga alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Akasema dawa mbili hazikai tumbo moja, vidonge viachwe. Akaingia chumba cha nyuma, akazunguka mashine, akasema jini anakaa humu. Wakati huo mayai yale yaliyobishana yalikuwa yamefikia siku zake, na safari hii yalilia kweli, trei nzima, vilio vyembamba vinavyopishana, hata mama akaziba masikio. Walimkalisha Kitinda chini wakamfunika shuka, wakaweka chetezo, na moshi ukapanda.

Mganga akauliza: "Wewe ni nani?"

Chini ya shuka kukawa kimya cha urefu uleule, kisha sauti ikatoka, nzito, ya taratibu, si ya Kitinda.

"Nilikuwa kwa mjomba wake kwanza. Mliyemfunga kamba."

Msusi alimtazama mama. Mjomba wao alikuwa amesafiri, ndivyo walivyoambiwa tangu utoto, amesafiri na hakurudi. Labda Kitinda alikuwa amesikia jambo nyuma ya mlango miaka mingi nyuma, labda mama aliwahi kuweweseka usingizini. Lakini mama hakungoja labda yoyote, aliruka akamshika mganga mkono akamsihi amalize, amalize sasa hivi, na mganga akaagiza kiota cha jini kizimwe, na mama, kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliolea trei zile kama wagonjwa, akavuta waya kutoka ukutani, akafungua milango ya mashine wazi, akamwaga maji baridi juu ya mayai, ndoo baada ya ndoo, na feni ikapunguza mwendo, ikakwama, taa zikafifia, na vile vilio vikaanza kukatika, kimoja hapa, kimoja kule, kimoja kikang'ang'ania peke yake kwenye kona ya trei ya chini muda mrefu ambao hakuna kati yao atakayeusahau, mpaka nacho kikakoma.

Kimya kile wakakiita ushindi. Mganga akafunua shuka. Kitinda alikuwa amelowa jasho, uso umetulia, na akamtazama mama yake.

"Ameondoka, mama," alisema.

Mama alimkumbatia, akambusu kichwani kama mtoto mchanga. Alimwomba radhi kwa kila neno la ukali, akamwambia kwamba baba yake alikuwa anakufa hata angekesha nani, maneno ambayo yangefaa sana yangesemwa mapema. Akatoka nje kuwaita majirani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alisikika akiimba jikoni.

Chakula kilipoletwa, msusi aliketi kumtazama mdogo wake. Kitinda alinyoosha mkono kwenye sahani, akainamisha kichwa kidogo, akasubiri. Kisha akamega.

Msusi akasogea.

"Yupo," alisema.

Kitinda akatafuna polepole. "Aliniambia niseme ameondoka. Nisiposema, anamchukua leoleo." Akamtazama dada yake kwa huruma kubwa, huruma ya kaka, si ya mgonjwa. "Na wewe amekutaja. Amesema usimwambie mama."

Vidonge vilikuwa ndani ya mkoba wa msusi, ukutani, hatua chache tu. Angeweza kusimama, na alitaka kusimama. Lakini mama aliingia na jagi la maji, macho yanang'aa, mgongo umenyooka, amepungua umri. Akaona vichwa viwili vilivyoinamiana, akasita.

"Mnanong'ona nini? Amesema nini mdogo wako?"

Kitinda aliacha kutafuna. Msusi alifungua mdomo, akamtazama mama yake alivyosimama pale na furaha yake yote mkononi, na akanyamaza kidogo, urefu wa kumtosha mtu mwingine kusema lake.

"Hajasema kitu, mama," akajibu.