Meno Sita ya Zipu

Kila Ijumaa baada ya masomo, Sagesse huketi kwenye kigoda barazani, karibu na cherehani ya mama yake, Maman Eulalie. Kutoka hapo, juu ya mabati ya nyumba za chini, anaona kipande cha Ziwa Kivu. Kazi yake ni kuandaa zipu, au fermeture kama tunavyosema Bukavu. Mama hununua utepe wake kwa mita. Sagesse huukata, kisha huingiza pande zote mbili ndani ya kile kichwa kidogo kinachofunga na kufungua.

Ijumaa moja alikuwa na zipu ya gauni jeupe la Noëlla, binti wa jirani, ambaye Jumapili angepokea komunyo ya kwanza. Aliingiza upande mmoja, akatazama ziwani. Boti la kisiwa cha Idjwi lilikuwa likija polepole, na nyuma yake maji yaligawanyika pande mbili. Sagesse aliwaza kwamba ziwa nalo lina zipu, na boti ndilo kichwa chake. Labda likifunguka kabisa, chini kuna kitambaa kingine cha buluu ambacho hakuna mtu amewahi kukivaa.

Vidole viliendelea bila macho. Alipoangalia tena, upande wa kushoto ulikuwa umetangulia. Aliyahesabu meno yaliyozidi: sita.

"Haitaonekana," alijiambia. Akampa mama, naye akaishona bila kuikagua, kwa sababu alimwamini.

Jumamosi mchana Noëlla alikuja kulijaribu gauni. Zipu ilipofika juu, mgongo ulifura na kola ikapanda upande mmoja.

"Eh, Maman Eulalie!" Noëlla alicheka. "Bega yangu moja iko inaenda mbinguni mbele ya ingine!"

Lakini alipojigeuza kwenye kioo, kicheko kiliisha. Machozi yakamlengalenga. "Kesho nitaingia kanisani hivi?"

Maman Eulalie alipima bega la kwanza, akapima la pili, akapima tena. "Ni mimi nilikata mubaya," alisema kwa sauti ya chini. "Vua, mutoto wangu. Nitafungua bega." Akachukua mkasi. Kitambaa kingine cha aina ile hakikuwepo. Bega likikatwa, halingerudi.

Sagesse aliona mkasi ukifunguka juu ya kitambaa cha lesi.

"Maman, usikate! Haiko bega. Ni fermeture. Niliikosea meno sita, na niliona, nikanyamaza."

Mama aliweka mkasi chini, akageuza gauni, akatazama zipu kwa muda mrefu.

"Lete kigoda," alisema.

Wakafumua uzi wa mwisho chini ya zipu, wakatoa kichwa. Walipokuwa wakilinganisha pande mbili, mama alieleza. "Zamani, zipu za kwanza zilikuwa na ndoano na vitundu. Zilikuwa zinafunguka ovyo, watu wakazicheka. Zaidi ya miaka mia iliyopita, injinia mumoja akasogeza meno karibu karibu, kila jino lishike mwenzake. Tena akatunga mashine ya kuyabana kwenye utepe. Alijaribu, akakosea, akarudia."

"Hakukasirika?" Sagesse aliuliza.

"Sijui. Lakini kama angeficha makosa yake, leo tungekuwa bado tunafunga vifungo mgongoni."

Safari hii Sagesse aliangalia kwa macho yote mawili. Noëlla alipolivaa tena gauni, kichwa kilipanda taratibu, na mgongo ukalala sawa.

"Sasa mabega yote inaenda pamoja," Noëlla alisema, akipangusa mashavu.

Maman Eulalie alimgeukia binti yake. "Kuota si vibaya, Sagesse. Mimi pia ninaangalia lile ziwa. Lakini ukikosea, sema siku ileile. Kosa la meno sita tunalitengeneza kwa kufumua uzi mumoja. Likifichwa, linafika mpaka kwenye mkasi."

Sagesse aliitikia kwa kichwa. Kule chini boti lilikuwa likirudi Idjwi. Alilitazama mpaka likapotea, kisha akachukua utepe mwingine na kuanza kuhesabu.