Pepo Aliyejua Kuhesabu Siku

Kila asubuhi mimi huketi barazani kwetu Muyeye, nikisuka ukili wa mkeka. Mjukuu wangu Kahonzi hunywa chai kando yangu kabla ya kwenda chuoni. Anasomea ualimu wa chekechea. Nami, hawe wake, yaani bibi yake, humtegea.

"Kitendawili!"

"Tega, hawe."

"Nikimlisha ananyamaza. Nikimlisha tena, njaa inazidi."

"Moto!"

Lakini kuna siku nilitega, naye akabwaga kikombe chini, pwaa!

"Hawe, niache! Kila siku vitendawili!"

Kisha akalia. Kichwa kinamgonga, matiti yanamuuma, tumbo limejaa. Chuoni nako, katika darasa la mazoezi, alimfokea mtoto mbele ya wenzake. Mkuu wa chuo akamwambia, "Mara moja nyingine tu, utarudi kwenu."

Babake, mwanangu Kambi, alisema ana pepo.

"Juzi alivuta sigara ya rafiki yake akatulia," alisema. "Basi pepo huyu anataka moshi. Tumpe haki yake."

Akawa anamletea sigara kila jioni, hadi mwana akaanza kukohoa. Akanunua na mbuzi wa kuchinjiwa pepo. Akasema mwana akizidi, tumpeleke Vitengeni kwa mganga akapigiwe ngoma siku saba. Na siku saba bila chuo, kwa Kahonzi, ni kuacha chuo.

Sikubisha. Mamangu mwenyewe alikuwa na pepo wa kutaka leso nyekundu. Ila jambo moja lilinikereketa. Mbona pepo huyu huja, akaondoka, kisha akarudi? Huwa anakwenda wapi?

Basi nikaanza kumfuatilia kwa ukindu. Kila siku nilisuka shubiri moja. Siku njema, ukindu mweupe. Siku ya hasira na machozi, mweusi. Siku za hedhi, mwekundu. Bibi na mjukuu hawaoneani haya, kwa hiyo Kahonzi aliniambia zote.

Miezi miwili ikapita. Siku moja akaja jirani yetu Jedida, muuguzi kutoka bara, ambaye huniita shosho, yaani bibi.

"Shosho, hii mkeka ni ya nani?"

"Mkeka huu, mwanangu. Miaka sita Malindi na bado unatuvunjia Kiswahili?"

Akacheka. Nikamweleza maana ya rangi. Akaushika ukili, akautembeza mikononi shubiri kwa shubiri. Kicheko kikamwisha.

"Shosho, umeona? Weusi unakuja siku tisa, halafu wekundu. Mwezi wa pili, vilevile. Wekundu ukiingia, weusi unakwisha."

Nikainama kutazama. Kweli! Nimesuka kwa mikono yangu na macho hayakuona.

"Kambi!" niliita. "Njoo umwone pepo wako. Anajua kuhesabu siku!"

Kambi akaja, Kahonzi nyuma yake.

"Hizi ni dalili za kabla ya hedhi," Jedida alisema. "Mwili unajitayarisha, na mabadiliko yake yanagusa hata moyo. Wanafunzi wengi wa kike huzipata. Si pepo, wala si tabia mbaya."

"Mbona akivuta hutulia?" Kambi aliuliza.

"Baba Kahonzi, ndani ya sigara kuna nikotini. Inafika kichwani haraka, kisha inapungua. Mwili unaitaka tena, na mtu anakuwa mkali. Ukimpa nyingine anatulia kidogo tu. Unamkuna pale ulipomwasha wewe mwenyewe."

Nikakumbuka kitendawili changu. Jibu halikuwa moto peke yake.

"Tena wanaovuta huonekana kupata dalili hizi zaidi ya wasiovuta," Jedida aliendelea.

"Nikiacha zitaisha?" Kahonzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siwezi kukuahidi zitaisha zote. Zinaweza kupungua. Lakini kikohozi kitapoa, pumzi itarudi, na moyo utapata nafuu. Wiki za kwanza utakuwa na hasira zaidi. Usiogope, ni mwili unaizoea hali mpya. Tembea kila siku, lala vya kutosha, punguza chumvi na kahawa. Na siku ukijisikia huna hamu ya kuishi, njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo."

Kambi akatazama mbuzi wake.

"Nawapa miezi miwili," alisema. "Ukili ukibaki na weusi ule ule, tunakwenda Vitengeni."

Wiki ya kwanza bila sigara ilikuwa ngumu. Kambi alipigwa na ndara ya Kahonzi kifuani kwa kuuliza chumvi iko wapi. Kahonzi alitafuna nazi mbichi kila alipotamani sigara. Jioni tulitembea pamoja, mimi nikilalamika magoti.

Mtihani wake wa kufundisha ulikuwa mwezi wa pili tangu aache. Nikaupima ukili. Mtihani unaangukia siku nyeusi!

"Sasa najua weusi unakuja," Kahonzi alisema. "Hautanikuta nimelala."

Siku hiyo, alinisimulia, mtoto alimwaga uji juu ya picha ambayo Kahonzi aliichora usiku kucha. Mkuu wa chuo ameketi pale pale. Kichwa kinamgonga. Kahonzi akavuta pumzi ndefu. Zamani kikohozi kingeikata katikati. Akapiga magoti.

"Haya, nani ataniambia uji umechora nini?"

"Ndovu!" watoto walipiga kelele. "Ana mkonga!"

Akapita.

Jioni wekundu ulipoingia, Kambi alichukua ukili, akauhesabu peke yake mara mbili. Weusi, shubiri tano badala ya tisa.

"Na huyu mbuzi?" aliuliza.

"Mwache ale majani," nilimjibu. "Hana kosa."

Kahonzi akaketi kando yangu, macho yakimcheka.

"Kitendawili, hawe!"

"Tega."

"Bibi ana kikopo kiunoni. Kila akipiga chafya, husema ni dawa."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye fundo la leso, pale ninapoweka ugoro. Tumbaku ni tumbaku, ya kuvuta au ya kunusa.

"Nimeshindwa," nilisema. "Nakupa mji."

"Mji siutaki. Nipe kikopo."

Nikampa. Ukili ninaousuka sasa ni wangu mwenyewe. Una shubiri nne, na tatu ni nyeusi.