Kifaa cha Mboni Si cha Ijumaa Tu

Kila asubuhi Mwahija hubangua korosho uani kwake, kijijini Nyangamara. Binti yake Mboni, mwenye miaka mitatu, hucheza kando. Mboni alizaliwa kiziwi. Miezi minne iliyopita alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akapandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Sehemu ya nje huvaliwa nyuma ya sikio na kushikwa kichwani kwa sumaku.

Lakini jamani, hiyo sehemu ya nje ilikuwa wapi? Kabatini, imeviringishwa ndani ya khanga mpya!

"Kitu cha thamani hakichezewi vumbini," alisema bibi yake Mboni, Bi Maimuna. "Atavaa Ijumaa, na wageni wakija."

Basi Mboni akavaa Ijumaa. Watu wakamwita, wakapiga makofi. Wapi! Hakugeuka.

Mwahija alilia jikoni. "Mwanangu hatanisikia kamwe."

Siku ya kliniki walirudi Dar es Salaam. Mtaalamu wa usikivu, dada Tekla, aliunganisha kifaa na kompyuta. Mistari midogo ikapanda kwenye kioo.

"Unaona, mama Mboni? Kifaa kinaamsha mshipa wa fahamu wa kusikia. Na mshipa unajibu."

"Unajibu? Mbona mwenyewe hajibu?"

"Mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Ubongo wake bado haujajua sauti ni nini. Unajifunza kwa kusikia kila siku. Kwa siku anavaa kwa saa ngapi?"

Mwahija aliinamisha kichwa. "Ijumaa tu, dada. Tulikuwa tunakitunza."

Tekla hakumgombeza. "Mmekitunza kweli, mpaka mwenyewe amekikosa! Avae tangu anapoamka mpaka anapolala. Avue akioga. Ongea naye kila unachofanya. Mwimbie. Usichoke."

Nyumbani, Bi Maimuna alinuna siku mbili. Kisha akawapita wote kwa maneno. "Mboni, hiki kinu. Sikia bibi anavyotwanga!"

Wiki zikapita. Mboni hakugeuka. Mwahija alikata tamaa mara nyingi, lakini hakuacha kumvalisha.

Asubuhi moja Mboni alikuja mbio, analia. Alishika sikio lake, akamvuta mama nguo. Mwahija akakitazama kifaa. Taa yake ndogo haiwaki. Betri imekwisha.

"Yarabi! Mama, njoo!" alimwita Bi Maimuna. "Amejua sauti imekatika! Kumbe siku zote hizi alikuwa anasikia!"

Alibadilisha betri, akamvalisha tena. Akasogea nyuma ya mtoto, akaita polepole, "Mboni wangu."

Mboni akageuka, machozi bado mashavuni, akamchekea mama yake.