Mkokoteni Umeuzwa, Faini Imebaki

Hebu niambie wewe unayesoma: ukimuuzia mtu punda wako, unaweza kumuuzia na kosa ulilolifanya ukiwa na punda huyo? Usijibu haraka. Yuko mtu mzima, mwenye ndevu na watoto watatu, aliyejibu kwamba inawezekana. Jibu lake nusura limpokonye mkewe chombo cha kazi.

Mtu huyo alikuwa mchukuzi. Alisukuma mkokoteni miaka kumi na miwili. Alibeba saruji, magodoro na magunia ya viazi. Siku moja alibeba kabati lenye paka ndani, na hakujua mpaka paka alipotoka kudai njia. Mikono yake ilikuwa migumu kama soli ya kiatu. Moyo wake ulikuwa laini, ila mdomo haukuwa na breki.

Mkewe watu walimwita Mama Barafu. Kila alfajiri alijaza maji safi kwenye mifuko midogo, akaifunga fundo moja la haraka, akaipanga ndani ya friza kama fundi anayepanga matofali. Friza ilikaa chumba cha mbele, nyuma ya mlango, kwa sababu soketi nzima ilikuwa hapo tu. Mguu mmoja wa friza ulikuwa mfupi, ukawekewa kipande cha ubao. Muuza maziwa na mwenye kibanda cha juisi walikuja na ndoo zao kabla jua halijapanda. Ada ya shule ya watoto ilitoka humo. Friza hiyo Mama Barafu aliinunua kwa mkopo wa kikundi cha akina mama. Aliulipa mwaka mzima, kila Jumamosi, bila kuruka hata moja.

Sasa tumrudie mchukuzi. Asubuhi moja aliegesha mkokoteni mbele ya lango la hospitali, akaenda kunywa chai. Gari la wagonjwa likaja, likakosa pa kupita. Mlinzi alimwita mara mbili. Mchukuzi akajibu kwamba chai bado ni ya moto. Alipelekwa mahakamani, akakiri kosa. Hakimu akamtoza faini na kumpa siku thelathini za kulipa.

Mchukuzi alifikiri siku mbili, akaja na akili yake mwenyewe. Aliamua kuuza mkokoteni. Alimwambia mnunuzi kwamba mkokoteni una faini, na faini inaufuata mkokoteni kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Kwa sababu hiyo akampunguzia bei. Mnunuzi alikubali upesi sana. Wakashikana mikono, na hakuna aliyeandika kitu.

Nyumbani mkewe alimuuliza habari za mahakama. Akamjibu kwamba yamekwisha. Mama Barafu alitaka kuuliza yamekwisha vipi, lakini mume alikuwa ameshafumba macho kitini. Akarudi kwenye mifuko yake.

Barua ikaja kutoka mahakamani. Mchukuzi hakuifungua, aliipeleka kwa mnunuzi. Ya pili ikaja, nayo akaipeleka. Alikuwa tarishi wa balaa lake mwenyewe. Mnunuzi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawashia jiko.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, alifika dalali wa mahakama. Huyu ni mtu anayetumwa na mahakama kukamata mali ya mtu ambaye hakulipa alichoamriwa kulipa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na kalamu aliifunga kwa uzi asiipoteze. Nyuma yake walikuwa vibarua wawili wa kubeba vitu. Alibisha hodi, akaamkia, akaonyesha kitambulisho na hati yenye mhuri.

Mama Barafu alikuwa peke yake, mikono imelowa. Dalali akaanza kuuliza kitu kimoja kimoja ni cha nani. Meza? Ya mwenye nyumba. Viti vinne? Vya mwenye nyumba. Redio? Ya mwenye nyumba. Ndivyo Mama Barafu alivyolelewa. Kwao, mke mwenye adabu hasemi "changu" mbele ya mgeni; kila kitu ni cha mwenye nyumba, yaani mumewe. Mwisho dalali aliweka mkono juu ya friza.

"Na hii?"

"Ya mwenye nyumba," akasema Mama Barafu. Neno likamtoka lenyewe, kama lilivyomtoka miaka yote. Dalali akaandika.

Mchukuzi alifika anahema. Alikuwa ameambiwa njiani. Alimweleza dalali kwamba amekosea nyumba, faini hiyo iko kwa mtu mwingine, tena aliuziwa kwa bei nzuri. Vibarua wakatazamana. Dalali aliisoma hati yake tena, polepole, mpaka kwenye mhuri.

"Ndugu yangu," akasema, "mkokoteni haukuhukumiwa. Ulihukumiwa wewe."

Hakuchukua kitu siku hiyo. Aliacha orodha ya vitu, mchukuzi akasaini kuwa ameipokea. Walipewa siku saba. Siku saba zikipita bila malipo wala amri nyingine ya hakimu, vitu vitabebwa na kupigwa mnada. Juu ya faini kulikuwa na gharama za dalali. Hizo zisingekuwepo kama mchukuzi angelipa ndani ya siku zake thelathini.

Wakati wa kutoka, kibarua mmoja alijichelewesha mlangoni. Alimnong'oneza mchukuzi kwamba akimpa nusu ya faini mkononi, kesho ile hati itapotea. Mchukuzi akaanza kupapasa mfuko, akakuta hazitoshi, akaahidi kuzitafuta.

Mchana ule alikuwa ameshika kamba, anaizungushia friza. Hapo akaingia jirani yao mfagizi, na ndoo yake ya kununulia barafu. Mama huyu alifagia jengo la mahakama kwa miaka kumi na minane. Mtaani watu walimwamkia haraka na kupita, kana kwamba mahakama ni ugonjwa wa kuambukiza.

"Shemeji, hiyo kamba ya nini?"

"Friza inakwenda kwa kaka yangu. Ikapumzike."

"Imechoka?"

"Imechoka na madalali."

Mfagizi aligeuza ndoo yake chini juu, akaikalia. Akaomba aone karatasi. Kabla ya kuisoma alisema, "Mimi si wakili. Mimi ni ufagio tu. Lakini ufagio huingia kila chumba."

Akawaonyesha kwa kidole. Hili ni jina la mwenye faini. Hii ni namba ya kesi. Huu ni mhuri wa mahakama, na hapa ni jina la dalali na ofisi yake. Karatasi isiyo na mambo haya ni ya kutia shaka, na hata yenye nayo, nenda masjala ukaulize kama ni ya kweli. Masjala ni ofisi ya mahakama inayotunza majalada ya kesi. Kuuliza si ugomvi.

Kuhusu friza, alimwambia mchukuzi aifungue kamba. Kitu kikishaandikwa kwenye orodha kiko chini ya mkono wa mahakama. Ukikificha unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Na yule kibarua anayetaka nusu ya faini? mchukuzi akauliza.

"Huyo atakula hela," akasema, "na faini itabaki na njaa yake ileile. Lipa kwenye dirisha la mahakama, upewe risiti. Bila risiti hujalipa."

Mchukuzi alimtaja mnunuzi wake, na bei aliyompunguzia. Mfagizi alimjibu kwamba hayo ni mapatano yao wawili. Akitaka amdai mwenyewe, kwa njia yake. Mahakama haikuwepo walipokuwa wakishikana mikono.

Kisha akamgeukia Mama Barafu. Alimuuliza friza ni ya nani. Mama Barafu aliangalia sakafu, akasema ni ya mwenye nyumba.

"Dada, nisikilize," akasema mfagizi. "Adabu ni ya sebuleni. Kule mahakamani wanaandika unachosema. Ukisema ni ya mume, itachukuliwa kwa deni la mume. Ikiwa ni yako, useme, na upeleke ushahidi."

Ushahidi ukawa shida. Risiti ya duka ilikuwa na jina la mchukuzi. Yeye ndiye aliyekwenda kuibeba friza kwa mkokoteni, na muuzaji aliandika jina la mtu aliyesimama mbele yake. Mfagizi hakukata tamaa. Aliuliza mkopo uliandikwa wapi. Mama Barafu akakumbuka daftari la kikundi, lile kubwa lenye jalada la kijani. Lilikuwa na siku ya mkopo, sababu ya mkopo, na alama ya kidole gumba chake kwa kila Jumamosi aliyolipa.

Kesho yake walikwenda wote watatu kabla ya saa mbili. Mfagizi aliwapeleka hadi dirisha la tatu, akashika ufagio wake akaendelea na kazi. Karani alilikuta jalada. Hati ilikuwa ya kweli. Karani aliwaeleza kwamba kuna maombi mawili. Mchukuzi anaweza kumwomba hakimu alipe kidogo kidogo. Mkewe anaweza kuomba mali yake iondolewe kwenye orodha. Karani aliwasaidia kujaza fomu, akagonga mhuri, akawapa nakala. Wakapangiwa Alhamisi, siku ya nne. Dalali akaarifiwa asubiri.

Siku mbili zilizobaki Mama Barafu hakulala usingizi wa kueleweka. Alifunga mifuko, mafundo yakawa yanafunguka. Aliiambia friza maneno aliyopaswa kumwambia hakimu. Friza ilinguruma tu.

Alhamisi walikaa kwenye benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mchukuzi alianza na habari za chai iliyokuwa ya moto. Hakimu akamwinulia kidole. Aliuliza mambo mawili tu: leo ameleta kiasi gani, na kila mwezi anaweza kuleta kiasi gani bila kudanganya. Mchukuzi akasema ukweli. Akasema pia kwamba amepata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala la saruji, na barua ya msimamizi anayo.

Likaja suala la friza. Dalali alisimama. Hakuwa na ubaya. Alisema tu alichokiandika, kwamba mama mwenyewe alitamka kuwa friza ni ya mwenye nyumba. Hakimu akavaa miwani.

"Mama, friza ni ya nani?"

Mama Barafu alishika ukingo wa kizimba. Alijua akisema kama alivyozoea, kesho alfajiri hatakuwa na kazi.

"Mheshimiwa, ni yangu."

"Mbona ulimwambia dalali ni ya mumeo?"

"Ndivyo tulivyolelewa, Mheshimiwa. Hata sufuria nasema ni yake, na hajawahi kuiosha."

Watu wakacheka, dalali naye akainamia karatasi zake kuficha meno. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliyekuja kutoa ushahidi, alifungua daftari la kijani. Hakimu alizihesabu alama za vidole kwa ncha ya kalamu, Jumamosi hamsini na mbili. Mwishowe akamgeukia mchukuzi, akamtaka aseme kama kuna neno la uongo.

Mchukuzi alisimama wima. "Hakuna, Mheshimiwa. Friza ni yake. Mimi niliibeba tu."

Hakimu akaamua. Friza iondolewe kwenye orodha. Faini na gharama vilipwe kwa miezi minne. Meza, viti na redio vibaki nyumbani, lakini vibaki kwenye orodha mpaka malipo yaishe. Mwezi mmoja ukirukwa bila sababu, dalali atarudi. Dalali alichukua kalamu yake ya uzi, akapiga mstari mnene juu ya neno "friza".

Walipotoka, mfagizi alikuwa mwisho wa ukumbi. Hakuuliza. Aliona tu jinsi Mama Barafu alivyokuwa akitembea, akauegemeza ufagio ukutani na kumkumbatia.

Mchukuzi alilipa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila mara alikwenda mwenyewe dirishani. Kila mara alimsomea mkewe risiti, kutoka namba ya kesi hadi jina la mpokeaji. Yule kibarua alimfuata ghalani tena kuomba "chochote". Mchukuzi alimjibu kwamba hana chochote, ila anaweza kumwonyesha dirisha. Kuhusu mnunuzi, alimdai. Mnunuzi akamcheka, maana hakukuwa na karatasi. Mchukuzi akameza, akasema shule hiyo ada yake ameilipa.

Mwezi wa nne walikwenda pamoja. Karani aligonga mhuri wa mwisho na kuwapa karatasi inayosema faini imelipwa yote. Mama Barafu hakuikunja. Aliishika wazi kwa mikono miwili barabara nzima, kama mtu aliyebeba sinia la harusi. Muuza maziwa akaisoma kwa sauti. Mwenye kibanda cha juisi akaisoma tena, akammiminia kila aliyekuwepo glasi ya bure, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku ileile mama mmoja wa mtaa wa pili alimfuata Mama Barafu na bahasha ya mahakama. Alikuwa ameificha chini ya godoro wiki tatu. Waliifungua pamoja, wakatafuta kwanza namba ya kesi. Kesho yake walikuwa dirisha la tatu.

Jioni mchukuzi aliketi chumba cha mbele, mguu juu ya mguu, kwenye kiti ambacho sasa hakuna wa kukichukua. Alimwambia mkewe kwamba amemtesa bure. Angemwambia tangu siku ya kwanza, pengine yasingefika kwa dalali. Akamuuliza amfanyie nini.

Zamani Mama Barafu angesema hakuna, asante. Safari hii alikausha mikono kwenye kanga yake, akakaa kiti cha pili, akamtazama usoni.

"Kuna neno liko tumboni mwangu mwaka wa nne sasa."

"Sema, mke wangu."

"Nataka chumba hiki. Chote. Viti vyako viingie ndani, mlango uwe wazi upande wa barabara, nifungue duka langu la barafu."